Mbarika kwenye Giaboksi

Haya nitakayoandika ni kweli tupu, kutoka pembe hadi kwato. Asiyeamini aende akaiulize mito, Mutonga, Ruguti na Thuci, kwa maana yote mitatu iliniona nikipita, na sijasikia bado mto ulionunuliwa pombe ili useme uongo.

Natanguliza kiapo kwa sababu ya mke wangu, Kathambi. Tangu nilipostaafu udereva ametunga sheria humu nyumbani. Nikimaliza kuandika hadithi lazima nimsomee huku anapepeta maharagwe, na akinikamata na uongo mkubwa, nalipa. Malipo yenyewe ni kutwanga ndoo nzima ya mbarika, zile mbegu za madoadoa, mpaka zitoe mafuta. Uongo mdogo anausamehe. Anasema mzee asiye na uongo mdogo ni kama maharagwe yasiyo na chumvi. Ila kupima upi mdogo na upi mkubwa ni kazi yake, wala hakuna mahali pa kukata rufaa.

Basi. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ile sisi tuliyoiita Emajensi. Nilikuwa kijana, dereva wa Mzungu mmoja mkandarasi wa barabara kule Meru. Tulimwita Bwana Karai kwa ajili ya kofia yake. Huyo Bwana Karai alikuwa amejiletea gari kutoka Amerika, refu kiasi kwamba taa za mbele zikishafika Chuka, za nyuma bado zinaagana na watu wa Igoji.

"Mdogo," akasema Kathambi bila kuinua macho. "Endelea."

Ajabu ya gari hilo haikuwa urefu. Halikuwa na klachi. Giaboksi yake ilijibadilisha gia yenyewe, dereva amekaa tu kama mgeni. Kazi hiyo ilifanywa na mafuta mekundu, mepesi, yaliyozunguka ndani ya giaboksi, yakapita kwenye mabomba mawili membamba hadi chini ya rejeta, yakapoa huko na kurudi. Mafuta hayo yakiisha, injini itanguruma hadi jioni na magurudumu hayana habari.

Bwana Karai alikuwa ametangulia Nairobi, akaniachia amri nimpelekee gari Embu, tukutane huko. Asubuhi hiyo, nikiwa natia maji kwenye rejeta pale Meru mjini, nikaona kivuli cha mtu kimesimama juu ya boneti. Alikuwa mama mmoja aliyejifunga shuka la kahawia, kibuyu kikubwa amekikumbatia kama mtoto. Nyuma yake alisimama binti yake.

"Kijana wa nani wewe?" akaniuliza yule mama.

"Mimi Kinoti, mama. Mwana wa Mukiri."

"Gari hili linakwenda Embu?"

"Linakwenda, lakini si langu."

"Sikuuliza ni la nani."

Huyo alikuwa Mama Karwirwa wa Muthara, na binti alikuwa huyu Kathambi anayepepeta maharagwe. Walikuwa wametembea kutoka kwao Muthara, upande wa Tigania, wakiwa na kibali cha chifu, maana siku hizo hata kwenda kumwona shangazi yako ulihitaji kibali. Mama alikuwa na kijana, Mwongera, aliyekwenda kupasua mbao huko Embu, karibu na Kibugu, mahali msitu wa mlima unapoanza. Askari walipofagia ukingo wa msitu walimzoa pamoja na wengine. Habari zilifika Muthara kwamba alasiri ya siku hiyo wafungwa wote wangepandishwa kwenye malori na kupelekwa mbali, upande wa pwani, mahali ambapo mama hawezi kufika kwa miguu.

"Unakwenda kuwaombea wamwachilie?" nikamuuliza.

"Mimi nani wa kuwaomba watu hao? Nakwenda kumpaka mafuta."

Hapo niliuelewa uzito wa kile kibuyu. Kwao, mtu anayekwenda safari ambayo hajui mwisho wake hupakwa mafuta ya mbarika na mama yake, kwenye paji la uso na kifuani, na mama humtajia jina alilompa. Asiyepakwa, njia humchukua, lakini haina neno la kumrudishia. Mwongera alikuwa ameondoka nyumbani kwenda kupasua mbao kama mtu anayekwenda dukani. Hakupakwa kitu.

"Wakimchukua wamchukue," akasema Mama Karwirwa. "Lakini awe amepakwa."

Kibuyu kilikuwa kikubwa kuliko haja ya paji moja la uso. Nilipouliza, Kathambi akaniambia kwamba wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamechangia, huyu kijiko, huyu kikombe, kwa sababu Mwongera hangekuwa peke yake kule. Kulikuwa na watoto wengine ambao mama zao hawakupata kibali.

Nikawapakia. Nilifanya hivyo kwa huruma.

"Kwa huruma?" akasema Kathambi.

"Huruma ilikuwepo."

"Ulinifungulia mlango mara mbili, na mara ya kwanza nilikuwa nimeshaingia. Mdogo. Endelea."

Tulishuka na kupanda, kushuka na kupanda, maana barabara ile ya zamani haikujua kuzunguka bonde. Ilizama mpaka mtoni na kutoka upande wa pili ikihema. Kwenye vizuizi walinzi walipoona gari refu linang'aa walidhani limebeba mkubwa fulani, wakapiga saluti. Mama Karwirwa alikuwa kiti cha nyuma, kibuyu mapajani. Mara ya tatu akaanza kuwaitikia kwa kichwa.

Tulivuka Thuci, tukaanza kupanda kuelekea Runyenjes, na hapo injini ikapaza sauti huku gari likipunguza mwendo. Nikakanyaga mafuta. Kelele zikaongezeka, mwendo ukapungua, mwisho tukasimama kabisa, gari limegoma kama mbuzi aliyeikataa kamba. Nilipotazama nyuma niliona barabarani mstari wa matone mekundu, umetufuata tangu mtoni.

"Limeumia," akasema mama.

"Limekatika mshipa."

Nikaingia chini. Bomba moja kati ya yale mawili yanayokwenda kwenye rejeta lilikuwa limepata ufa karibu na nati yake, pale ambapo mtikisiko wa barabara zetu hulisumbua zaidi. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Lakini mafuta yakishapata moto na kusukumwa, unywele unayatosha.

Nilikata kipande chenye ufa kwa msumeno wa chuma, nikasugua ncha zake kwa tupa. Sasa nilihitaji mpira wa kuunganisha ncha hizo. Waipa za kufutia kioo za siku zile zilivutwa na upepo wa injini kupitia mpira mwembamba. Nikauchomoa mpira huo nikauvisha bomba huku na huku. Haukuwa mpira wa kazi hiyo. Mafuta ya moto huulegeza mpira wa namna ile, nami nilijua. Lakini ndio uliokuwepo.

Kuukaza kulitaka waya. Waya miaka ile ulikuwa mwingi kuliko mahindi. Juu tu ya barabara kulikuwa na kijiji kilichozungushiwa seng'enge, watu wamekusanywa humo kama kuku. Nikatambaa kama nyoka mpaka kwenye ua, mlinzi yuko juu ya mnara na bunduki yake, nikaukata ule waya kwa meno.

"Kwa meno?" Kathambi akasimamisha ungo kidogo.

"Meno ya koleo."

"Koleo uliiacha Meru. Waya niliupata mimi. Niliukunja huku na huku mpaka ukakatika, na wewe ulikuwa chini ya gari unaniambia, 'Haraka, haraka.'"

"Mdogo huo?"

"Wa kati. Endelea, lakini nakuangalia."

Basi, Kathambi alileta waya, nikafunga ncha zote mbili na kuzisokota mpaka mpira ukabanwa. Nikatoka nikijiona fundi. Kisha nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Kikavu. Nilikuwa nimeziba mshipa wa mnyama aliyekwisha kumwaga damu yote, na mafuta yale mekundu hayakuwa yakiuzwa popote kutoka Thuci hadi Runyenjes. Debe la akiba lilikuwa limefungiwa stoo kwa Bwana Karai.

Jua lilikuwa limeshapita utosini. Mama Karwirwa alikuwa ameketi juu ya jiwe.

"Linakosa nini?" akauliza.

"Mafuta, mama."

"Ya namna gani?"

"Ya kuteleza. Yasiyoungua upesi."

Nilijibu tu, kama mtu anavyojibu. Yeye akakitazama kibuyu. Nikaona anavyokitazama, nikasema, "Hapana, mama."

"Yatafaa?"

"Sijui. Yanaweza kulifikisha. Yanaweza kuliua."

"Anayeuawa ni mtu. Gari huharibika."

Kathambi akamshika mkono. "Mama, tukiyamimina, tutampaka nini?"

"Na tusipoyamimina, tutampaka nani?"

Akakizibua kibuyu kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwambia tutabakiza ya kutosha paji moja, hata kama ni ya ncha ya kidole. Nikatia, nikapima, kijiti kikavu. Nikatia tena. Mafuta ya mbarika ni mazito, yanashuka kwa uvivu, na kila nilipoinamisha kibuyu nilimsikia Kathambi nyuma yangu akitaja majina kwa sauti ya chini. "Hicho kijiko cha Kanana. Hicho kikombe cha Gacheri." Kijiti kilipoanza kulowa kibuyu kilikuwa kinatoa matone. Nilimrudishia mama. Akakiziba kana kwamba bado kuna kitu ndani.

Gari lilitetemeka, likafikiri, likaondoka.

Mvua ilitupiga Runyenjes, na waipa hazikuwa na mpira. Kathambi alitoa kichwa na mkono dirishani akawa anafuta kioo kwa kitambaa chake, njia nzima. Ndani ya gari kulinuka kama nyumba ya mtoto aliyezaliwa jana, maana mbarika ikipata moto hunukia hivyo. Mimi nilisikiliza giaboksi, na nilipoisikia ikiteleza nilipunguza mwendo, na nilipopunguza nilimwona mama kwenye kioo akiinuka kidogo kitini.

Tulifika kambini Embu, walikofungiwa. Malori yalikuwa bado yamesimama ndani ya ua, injini zinawaka. Nje ya kizuizi walikuwepo wanawake wengi, wa Embu na wa Mbeere na wetu, wamesimama kwenye matope. Kando ya lango palikuwa na lundo. Mwanzoni nilidhani ni maboga. Vilikuwa vibuyu, chupa, vikapu na vyungu vidogo, vingine vimevunjwa, na ardhi pale chini iling'aa kwa mafuta.

Askari wa langoni alikuwa Mwembu, wenzake wakimwita Njue. Alipoliona gari alinyoosha mgongo.

"La nani?"

"La Bwana Karai. Nimeambiwa nilipeleke ndani."

"Na hawa?"

"Wapishi wake."

Njue akamtazama Mama Karwirwa, mpishi aliyelowa. Akanyoosha mkono. "Kibuyu hakiingii. Ni amri. Siku hizi wanaficha risasi humo, wanaficha barua." Akakizibua, akakipindua. Hakikutoka kitu. Akakirusha kwenye lundo, na nikakisikia kikivunjika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kama tungefika na kibuyu kimejaa, mafuta ya wanawake wote wa Muthara yangeishia pale langoni chini ya buti. Yaliyoingia ndani ya ua ule ni yale tu yaliyokuwa kwenye giaboksi.

Nilisimamisha gari karibu na waya wa ndani. Wafungwa walikuwa wamechuchumaa kwa safu. Kathambi akashuka, akainama, akasema, "Mama. Linavuja."

Mpira ulikuwa umelegea, kama nilivyojua utalegea. Tone, kisha tone, rangi ya chai ya strungi, isiyo na maziwa. Mama Karwirwa akapiga magoti matopeni, akaingiza mkono chini ya gari la Bwana Karai, akakinga kiganja. Yalikuwa ya moto. Hakuondoa mkono.

Mwongera alikuwa amekwisha kumwona. Alisogea kwenye waya, amekonda, shati halina kifungo hata kimoja.

"Mama, unanuka gari."

"Kaa kimya upakwe."

"Na yule ni nani anayemtazama Kathambi hivyo?"

"Dereva. Inamisha kichwa."

Akainamisha. Mama akapitisha vidole kati ya miiba ya waya, akampaka kwenye paji, kisha kifuani. "Wewe ni Mwongera. Nilikupa jina la baba yangu. Njia ikuchukue, njia ikurudishe." Mwongera hakufanya mzaha tena. Aliushika mkono wa mama yake, akaukandamiza pale kifuani.

"Na mimi, mama," akasema kijana aliyekuwa kando yake.

Mama akarudi kwenye gari, akapiga magoti, akasubiri matone. Akampaka yule. Akarudi. Hakuyajua majina yao. Aliwauliza mmoja mmoja, na kila mmoja alimwambia jina aliloitwa na mama yake, si lile la kwenye orodha ya serikali. Ndipo Njue alipokuja mbio.

"Mama! Hayo ni mafuta ya gari!"

"Yametoka Muthara. Garini yamepita tu."

Njue akamtazama, akatazama chini ya gari, akawatazama wale vijana waliokuwa wameinamisha vichwa. Kisha akageuka akaenda kuwafokea wanawake wa nje ya kizuizi, ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Filimbi ilipolia, kulikuwa na vichwa vingi bado vimeinama. Wafungwa wakapandishwa. Malori yakatoka, na Mwongera alikuwa amesimama ukingoni mwa lori la mwisho, paji lake linang'aa. Mama Karwirwa alibaki na kiganja kimekingwa chini ya gari, tone likianguka, na hapakuwa na wa kumpaka.

Sasa mwisho. Emajensi ilipokwisha, Mwongera alirudi. Alirudi amenona, na kofia kichwani. Aliposhuka pale soko la Muthara mbwa wote walimfuata kwa sababu ngozi yake bado ilinuka giaboksi. Mama Karwirwa alikuwa shambani akipalilia. Alisikia harufu kabla ya kumwona mtu, akatupa jembe—

Niliona ungo umenyamaza.

"Soma tena hapo," akasema Kathambi.

Nikasoma tena. Niliishia kabla ya kufika kwenye mbwa.

"Baba Mukiri," akaniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, aliyerithi jina la babu yake.

"Naam."

"Huo ni mkubwa."

"Mama aliupenda," nikasema.

Hilo ni kweli. Macho ya Mama Karwirwa yalipokwisha nuru aliniita, mimi mkwe ambaye kwa desturi hata kumkaribia sikupaswa, niketi nje ya ukuta wake nimsimulie. Nikifika kwenye malori aliniambia kutoka ndani, "Mrudishe." Nami nilimrudisha. Nilimrudisha kwa basi, kwa baiskeli, na redio begani, na mke wa pwani asiyejua kupika githeri. Mama alicheka sana kwa huyo mke. Hakuwahi kuniuliza kama ni kweli.

"Mama alikuwa na haki ya kuusikia," Kathambi akasema. "Naye hayupo. Andika ilivyokuwa."

Ilivyokuwa ni hivi. Miaka ilipita, na kijana mmoja kati ya wale waliopakwa alifika Muthara akiuliza nyumba ya mama wa mafuta ya gari. Alisema Mwongera alishikwa na homa kwenye kambi ya pili waliyohamishiwa. Walimzika wapi hakujua. Yeye mwenyewe alikuwa amelala mahututi. Hatuna kaburi. Mama Karwirwa alimpikia kijana huyo chai, akampa viazi vya njiani, na alipoondoka alimtazama mpaka kwenye kona. Kisha akasema, "Mafuta yalikuwa machache, nami nikayagawa." Alisema hivyo mara moja tu.

Kathambi alimaliza maharagwe. Akaenda stoo, akarudi na ndoo imejaa mbarika mpaka juu, akaiweka mbele yangu, na mchi juu yake.

"Na lile gari refu la Chuka na Igoji?" nikamuuliza. "Nalo nifute?"

"Hilo liache. Mwongera angelicheka."

Sasa nimekaa uani natwanga. Mbarika hukaangwa kwanza, ikatwangwa, ikachemshwa, kisha mafuta huenguliwa juu polepole. Ya kwanza kabisa Kathambi huyapeleka kwenye lango la mama yake, akayamimina chini ya nguzo ya kushoto, palepale Mwongera alipopita alipokwenda kupasua mbao, akataja jina. Mkono unaniuma. Amepita hapa sasa hivi akachungulia ndani ya kinu.

"Tayari?" nikamwuliza.

"Bado," akasema, akavuta kigoda akaketi kando yangu.